Uzito wa Feni ya Mwaitu

Kuna maneno ambayo mtu akiyasema mbele yangu damu inanichemka hata leo, na ya kwanza kabisa ni haya: "Feni ya chuma inakula stima." Mtu anayasema ametulia, mikono mfukoni, utadhani anakwambia mvua inalowesha. Nimeyasikia Laini Saba nikiwa na bisibisi mkononi. Nimeyasikia Olympic kwa watu wenye geti na mlinzi. Na nimeyasikia Kawangware kwa mwenye ploti aliyemnyang'anya mama yangu upepo, na hayo ndiyo sitakaa nisahau.

Lakini wacha nianze na feni zenyewe, maana najua unachofikiria. Nairobi na baridi hii, feni ya nini? Kila mtu huniuliza. "Kwani uko Mombasa?" wananiambia, halafu wanacheka wenyewe. Wanaouliza hivyo hawajawahi kukaa ndani ya nyumba ya mabati mwezi wa Februari, saa nane mchana, mlango mmoja, dirisha hakuna, jirani wa upande huu anakaanga samaki na wa upande ule amewasha jiko la makaa. Njoo Soweto West nikukaribishe kwa rafiki yangu yeyote. Kaa hapo mpaka chai ipoe, halafu uniulize tena feni ni ya nini. Chai haitapoa.

Kibanda changu kiko Laini Saba, kando ya reli. Mbele nauza soketi, balbu na plagi, na hivyo ndivyo ninavyokula. Nyuma, kwenye rafu nilizopigilia mwenyewe, ndiko zinakokaa feni zangu. Feni za zamani. Siongei juu ya hizi za plastiki zinazotetemeka kama zina malaria. Naongea juu ya feni yenye kitako cha chuma kizito, mabawa ya shaba ya manjano, wavu wa mbele wenye nafasi pana hata mkono unapita, na swichi inayosema "tak!" ukiigeuza, mpaka unajua kweli umegeuza kitu. Zilikuwa kwenye maofisi ya zamani, kwenye maduka ya vitambaa yaliyofungwa, kwenye veranda za watu waliohama. Watoto wa wenyewe wakirithi nyumba, kitu cha kwanza kutupwa ni feni. Zinaangukia kwa watu wa vyuma chakavu, wale wa mkokoteni, na hao nao wana nyundo.

Hiyo nyundo, jamani! Feni imefanya kazi tangu kabla sijazaliwa, haijamkosea mtu, na mwanamume mzima anaipasua kichwa ili atoe waya wa shaba wa kujaza kiganja. Nimegombana nao mpaka wakanizoea. Siku hizi wakiniona wanaficha nyundo nyuma ya mgongo kama wanafunzi walioshikwa na sigara. "Mathe, hii tumekuwekea," wananiambia, na najua wananidanganya, na nachukua.

Wengine wabaya ni wale wanaozipenda vibaya. Alikuja mama mmoja, gari ameacha huko Olympic kwa sababu barabara yetu ingemchafulia, akatembea mpaka kwangu na viatu vyeupe. Akaipenda feni moja sana. Akaizunguka, akaipiga picha, akaigusa wavu na kidole kimoja. Nikaiwasha ili aone inavyozunguka. Akaniambia, "Aa, hapana, mota utatoa. Nataka kuweka balbu hapo ndani, iwe taa ya pembeni." Nikamwangalia. Mota nimeifunga upya kwa mikono yangu, waya kwa waya, vidole vimevimba, ati nitoe awekewe balbu! Nikamwambia hiyo haiuzwi. Akauliza kwa nini basi nimeiweka hapo. Nikamwambia nimeiweka hapo ili niione. Aliondoka akisema mimi ni mkali. Ndiyo, ni mkali. Kazi hii imenifanya hivyo, na kama ningezaliwa mpole ingeniua.

Kufunga mota nilijifunzia kwa fundi wa mota za posho mill, mashine za kusaga unga, nikiwa msichana, enzi ambazo mwanamke akishika koleo watu wanasimama kutazama. Feni nilijifunza mwenyewe. Skrubu yenye kutu unailoweka kwenye mafuta ya taa na unaiacha, usiilazimishe, itafunguka ikitaka. Kutu unaisugua kwa msasa mpaka chuma kianze kupumua. Waya wa zamani uliovalishwa kitambaa unatoa wote, hata kama unaonekana mzima, maana hapo ndipo moto hujificha. Halafu mafuta. Hapo kwenye mafuta ndipo nataka kulia. Karibu kila feni ninayofungua imemwagiwa mafuta ya kupikia. Aki ya Mungu, mafuta ya chapati! Mtu anasikia feni inalia, anakimbia jikoni, anaimiminia, inanyamaza, anafurahi. Baada ya muda yale mafuta yanaganda yakawa kama gundi, na feni inakufa ikiwa imekabwa shingo. Inataka mafuta ya cherehani tu, tone, basi.

Feni hii ninayotaka kusimulia niliiokoa chini ya nyundo, pale pale relini. Nyundo ilikuwa hewani tayari. Nilipiga ukelele mpaka mwenye nyundo akadhani treni inakuja. Ilikuwa nyeusi, nzito kupita zote nilizokuwa nazo, na chini ya kutu mabawa yalikuwa mazima. Nilipoitengeneza sikuiweka kwenye rafu. Nilimpelekea mama yangu.

Mama yangu, mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, anaishi Kawangware kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana. Alitoka Kitui akiwa ameolewa tu, na tangu hapo amekaanga mandazi kwenye moshi wa makaa, asubuhi baada ya asubuhi, akatusomesha, na ule moshi haukwenda popote. Ulikaa kifuani mwake. Siku hizi akipanda ngazi ya kanisa anasimama. Akiongea sentensi ndefu anaikata katikati, anavuta hewa, anaimalizia. Daktari wa kliniki alimpa dawa ya kuvuta, akamwambia asikae mahali hewa imesimama. Sasa wewe niambie, kwenye chumba cha mabati chenye mlango mmoja, hewa ikitaka kutembea itapitia wapi?

Alikuwa halali chini. Alilala ameketi, ameegemea ukuta, mto nyuma ya mgongo, kwa sababu akilala chini anahisi kama mtu amemkalia. Na alikuwa amezicheka feni zangu miaka yote. "Wengine wanafuga kuku," alikuwa akiniambia, "wewe unafuga vyuma." Siku nilipoiweka ile nyeusi mezani kwake na upepo ukamfikia usoni, alifumba macho. Nilipokwenda kumwona kesho yake nikamkuta amelala, amenyooka kitandani, mgongo chini, mdomo wazi, kama mtoto. Nilisimama mlangoni nikalia, na sioni aibu kusema.

Ilikuwa na kasoro moja. Feni ya aina hiyo ina koili mbili ndani, moja ya kuianzisha na moja ya kuiendesha. Ile ya kuianzisha ilikuwa imeungua. Ukiiwasha inavuma tu, mmm, mmm, haizunguki, mpaka uisukume bawa kidogo ndipo inashika na kukimbia yenyewe. Nilimwambia mwaitu niirudishe Laini Saba niifunge upya. Akakataa katakata. "Ukiichukua, mimi nitapumua nini?" Akatoa mwiko wake wa zamani, ule wa ugali ulioungua ncha, akauweka kando ya feni. Kila akiiwasha anapitisha mwiko kwenye wavu, anaipiga bawa kidogo hivi, kama mtu anayemwamsha mjukuu, na feni inaondoka. Mtu mwingine yeyote akijaribu anaisukuma vibaya, au anaogopa. Yeye alikuwa na mkono wake.

Basi, mambo yakawa mazuri. Nilijua hayatadumu, maana ploti ina mwenyewe.

Mwenye ploti hiyo ni mzee wa pale pale, ardhi ni ya babu yake, ng'ombe walilisha mahali vyoo vilipo sasa. Ni mzee wa kanisa vilevile, kanisa lile lile la mwaitu. Vyumba vyote vinatumia mita moja na stima iko ndani ya kodi, kwa hiyo tokeni za kulipia mita ananunua yeye, na kila tokeni ikiisha anaumwa. Getini ameandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA HITA. HAKUNA PASI. HAKUNA JIKO LA STIMA. Feni hakuandika. Nimesimama mbele ya lile geti nikasoma tena na tena, hakuandika!

Mwezi mmoja tokeni zikaisha mapema. Mzee akamtuma keateka, yule msimamizi wake anayeshika funguo za vyoo, apite chumba kwa chumba atafute nani anakula stima. Keateka akapita. Alipofika kwa mwaitu akaiona feni. Akaishika kwa mkono mmoja, haikuinuka. Akaishika kwa miwili. "Wacha!" akasema. "Hii ni chuma tupu. Hii ndiyo imekuwa ikitumaliza." Akachomoa plagi, akaibeba kifuani, akaenda nayo stoo ya mwenye ploti. Mama yangu ameketi kitandani, mwiko mkononi.

Jirani alinipigia simu. Nilifunga kibanda hata taa sikuzima.

"Sista, tulia," keateka akaniambia aliponiona nikiingia getini. "Si mimi. Ni mzee. Feni za plastiki hatusemi kitu, ziko mbili tatu hapa. Lakini hiyo yenu ni nzito."

"Nzito inahusiana nini na stima?"

"Ai, sista. Kitu nzito si inasukumwa na nguvu mingi?"

Nikamwambia kinachozunguka ni mabawa, na mabawa ni mepesi. Uzito uko kwenye kitako, na kitako kimekaa tu mezani hakifanyi kazi yoyote, kama yeye. Hiyo ya mwisho ningeinyamazia, lakini ilikwisha kutoka. Na wakati tunagombana, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na ndani nikaona ndoo ya maji yanatoa mvuke, na hakuna jiko hata moja lililowashwa. Waya wa hita unaingia ndani ya ndoo. Akaona nimeona. Akaurudishia mlango kwa mguu.

Nikaenda kwa mwenye ploti mwenyewe. Nilimkuta sebuleni kwake, ana kikombe cha chai na miwani juu ya paji la uso. Nikajikaza nikaongea vizuri, hata ndoo ya keateka sikuitaja, nisionekane nimekuja kuchongea. Nikamwambia, mzee, ile feni inakula kama balbu moja ya zamani, ile ya manjano, haizidi. Nikamwomba azime ploti yote kwa dakika chache, tuwashe feni yangu peke yake tuangalie mita, halafu tuwashe ya plastiki tuangalie tena, aone kwa macho yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanywa chai. Akasema, "Gari kubwa inakunywa petroli mingi ama kidogo?"

"Mzee, gari si feni."

"Ng'ombe mkubwa anakula nyasi mingi ama kidogo?"

"Mzee..."

"Mimi nimefuga ng'ombe tangu nikiwa hivi." Akaonyesha na mkono, chini kidogo ya meza. "Sijawahi kuona ng'ombe mkubwa anakula kama mbuzi. Hayo mambo ya mita ni yenu nyinyi mafundi. Chuma ni chuma."

Haki ya Mungu nilitaka kupasuka. Mtu akikataa kuangalia, utamwonyesha nini? Nikamwambia mama yangu analala ameketi. Akasema pole sana, tutamwombea. Tutamwombea! Pumzi ya mama yangu imefungiwa stooni kwake, ufunguo uko kwenye pochi yake, na anataka kumwomba Mungu kitu ambacho angekifungua mwenyewe akitembea hatua chache!

Nilinunua ile ya plastiki, mimi, mkusanyaji wa feni, nikaibeba chini ya kwapa nikitazama chini kama mtu aliyeiba. Mwaitu aliiwasha. Ilitetemeka juu ya meza ikawa inatembea yenyewe mpaka ukingoni. Stima ya ile ploti inapanda na kushuka ovyo, na ndani ya zile feni za sasa waya ni mwembamba kama unywele. Haikufika mwisho wa juma. Ilitoa moshi, mwaitu akakohoa mpaka majirani wakaja kumtoa nje, na keateka akapata neno jipya. "Mnaona? Feni zinachoma nyumba." Kuanzia hapo feni zote zikapigwa marufuku, hata zile mbili tatu za plastiki. Majirani wakanitazama vibaya mimi.

Usiniulize kwa nini sikumhamisha. Nilimwomba. Mimi nalala nyuma ya kibanda, kati ya vumbi la reli, harufu ya vanishi na petroli. Kwa kifua kile, ningekuwa nimemhamisha nikamzike. Na yeye mwenyewe alisema Kawangware ndiko kwenye kanisa lake na wenzake, na kwamba hatafukuzwa na feni.

Akarudi kulala ameketi. Mchana alikaa kizingitini na kipande cha katoni, anajipepea, anapumzika, anajipepea. Mkono ukichoka anaubadilisha. Nilikuwa nikifika namwona akikonda. Akina mama wa kanisa walikuja kumwona, wakaleta unga na sukari, wakakaa naye wakanong'ona Kikamba cha haraka, na nilipoingia wakanyamaza. Sikuwajali. Mimi nilikuwa na vita vyangu. Nilikwenda kwa chifu, nikaambiwa mambo ya nyumba niyamalize na mwenye nyumba. Nilirudi kwa mzee, nikaambiwa ametoka. Nilimwambia keateka maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kila usiku nilitunga hotuba kichwani, nzuri, kali, yenye ng'ombe ndani yake, nikimjibu yule mzee mpaka akose pa kujificha.

"Mami," mwaitu akaniambia siku moja, maana ndivyo anavyoniita mimi, anajipepea, "ile feni. Ikiwashwa... na isisukumwe. Itaungua?"

"Itaungua," nikamwambia. "Itavuma tu, itapata moto, halafu koili ile iliyobaki nayo itakwenda. Haichukui muda."

Akaishusha katoni magotini. "Ukishaona inavuma, kuna nafasi ya kutosha mtu kutembea?"

"Kutembea kwenda wapi?"

"Nauliza tu." Akabadilisha mkono, akaendelea na katoni yake. "Jumapili unipeleke kanisani. Na usiniulize maswali, sina pumzi ya kukujibu."

Jumapili nikampeleka. Kanisa lao ni la mabati, mabati juu, mabati ubavuni, na lilikuwa limejaa. Jua lilikuwa limeanza kupiga na watu walikuwa wanajipepea na vitabu vya nyimbo. Tulikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kiondo chake magotini. Nikainua macho kutazama mbele.

Feni ya mwaitu ilikuwa juu ya meza, kando ya mimbari. Imepakwa mafuta ikang'aa. Imefungwa utepe mwekundu.

Mchungaji akasimama, mtu mwema, hana habari, akasema tumshukuru Mungu kwa ajili ya mzee wetu, ambaye ameona kundi linavyoteseka na joto akaguswa, akaleta zawadi hii. Makofi. Mwenye ploti akasimama kutoka kiti chake cha mbele, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kumbe kanisani stima hailiwi! Kumbe ng'ombe akiingia kanisani anaacha kula nyasi! Nyumbani kwa mgonjwa feni ni hatari, madhabahuni ni baraka. Nikajua kwamba sasa ndiyo saa ya ile hotuba. Nikainuka nusu. Mkono wa mwaitu ukanishika sketi ukanirudisha kwenye benchi, na sikujua bado ana nguvu zile.

Keateka ndiye aliyepewa heshima ya kuiwasha. Akageuza swichi. Tak.

Mmm, ikavuma. Mmm.

Watu wakangoja. Akaigeuza tena. Ikavuma. Akaipiga piga kitakoni, akakagua plagi, akaipuliza kwenye wavu. Mwenye ploti bado amesimama, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie kwamba labda stima ni kidogo. Mchungaji akasema tuwe na subira. Feni inavuma, na mimi najua kila sekunde inayopita inafanya nini ndani ya ile koili. Nilikuwa nimeuma kidole.

Mwaitu akainuka.

Alitembea katikati ya benchi polepole. Akafika katikati ya kanisa akasimama, akashika bega la mtu, akavuta hewa. Akaendelea. Watu walidhani anakwenda kuombewa. Hata mchungaji alidhani hivyo, akateremka, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake tayari. Mwaitu akapita chini ya ule mkono. Akafika mezani, akafungua kiondo, akatoa mwiko wa ugali ulioungua ncha.

Akina mama wa kanisa, wale wa unga na sukari, walikuwa wamekaa mstari mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Hapo ndipo nilipoelewa walichokuwa wakinong'ona. Mimi nazunguka kwa chifu, nagombana getini, natunga hotuba, na wao walishajua feni inakokwenda na mama yangu alishajipangia.

Akapitisha mwiko kwenye wavu. Akaipiga bawa kidogo hivi.

Feni ikashika. Ikakimbia. Utepe ukaruka juu, kurasa za Biblia ya mimbari zikajifungua zenyewe, na watu wa mbele wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni feni ya nani. Mtu haamshi feni ya mwenzake namna ile. Macho yakaanza kutoka kwa mwaitu yakaenda kwa mwenye ploti, yakakaa hapo.

Kiti cha mzee kilikuwa wazi kwa kuwa alikuwa amesimama. Mwaitu akakikalia, uso kwenye upepo. Akafumba macho. Tulimngoja apumue, kanisa zima. Halafu akasema, bila kufumbua macho, na sentensi yake safari hii haikukatika: "Endelea na neno, pasta. Nikishapumua vya kutosha, mzee atanibebea mpaka nyumbani. Ni nzito, na uzito wake anaujua."

Na akabeba. Angefanya nini mbele ya kanisa? Keateka alijitolea kumsaidia, mwaitu akamtazama tu, naye keateka akarudi nyuma. Mzee aliibeba kifuani, utepe unaning'inia, kupita sokoni, kupita vinyozi na wauza viazi, na watu wakimuuliza, "Mzee, hiyo ni nini?" Mama yangu alitangulia na mwiko wake. Akisimama kuvuta hewa, mzee naye anasimama, anahema kuliko yeye. Mimi niko nyuma na hotuba yangu yote tumboni, hata neno moja halijatumika, na nilikuwa na hasira hata ya hilo.

Chumbani akaiweka juu ya meza. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Alitaka kuondoka, lakini mwaitu alikuwa amekaa kitandani karibu na mlango na hakusogeza miguu. Akamwonyesha soketi. Mzee akachomeka plagi mwenyewe, akageuza swichi mwenyewe. Mmm, ikavuma. Akamgeukia mama yangu.

Mwaitu akampa mwiko.